Kiti cha Pili Roshanini

“Na yule mama aliyekaa roshani, yeye anakunywa chai au kahawa?”

Wayan, mhudumu wa chumba chetu melini, ndiye aliyeuliza hivyo asubuhi ya kwanza baharini, amesimama mlangoni na sinia. Nilidhani amechanganya vyumba. Bibi yangu alikuwa bafuni anaimba, mimi nipo mlangoni na nguo za kulalia, na chumba kile kilikuwa chetu wawili tu. Nikapokea sinia, nikasema asante, nikausukuma mlango kwa kisigino. Juu ya sinia kulikuwa na vikombe vitatu.

Nirudi nyuma kidogo. Kuna toleo jingine la kisa hiki linalozunguka Bremerhaven, mji wetu wa bandari kule Ujerumani, na katika toleo hilo mimi ndiye mwizi.

Bibi Irmtraud na Rosemarie Kröger walikuwa majirani wa ukuta mmoja kwa miaka arobaini. Wote wajane, wote wastaafu. Kila baada ya miaka miwili walisafiri kwa meli ya kitalii, na kila mara walilala kwenye vyumba vya ndani kabisa, vile visivyo na hata dirisha. Mchana waliishi juu sitahani, na sitahani viti ni vita. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi, unatandika taulo lako juu ya kiti, basi kiti hicho ni chako mpaka jua litue, hata ukienda kula mara tatu. Kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayegusa taulo la mwenzake. Bibi ndiye aliyekuwa anawahi. Alitandika mawili: la bluu lake, la njano la Rosemarie, lenye herufi R.K. zilizodariziwa kwa mkono. Rosemarie alipenda kulala. Hata achelewe vipi, kiti kilimsubiri.

Ndoto yao ilikuwa roshani. Roshani ya peke yao, nje ya chumba chao, ambapo ungekunywa kahawa umevaa gauni la kulalia na vibano kichwani, miguu juu ya ukingo, bila muziki wa bwawa la kuogelea, bila watoto wa watu, bila kutazama tumbo la mzee wa kiti cha pili. Mwaka huu waliipata. Walichagua meli inayokwenda Norwe mwezi wa Juni. Kisha mwezi wa Machi Rosemarie akapasuliwa moyo.

Mwezi wa Mei Bibi akanipigia simu chuoni Göttingen, ninakosoma sheria.

“Wiebke, Rosi hawezi kusafiri. Kasema nafasi yake uichukue wewe.”

“Kasema mwenyewe?”

“Kang’ang’ania.”

“Basi nimpigie nimshukuru.”

“Usithubutu! Daktari hataki asisimke. Utampigia, atalia, moyo ushtuke, halafu?”

Mimi, ambaye kwenye midahalo ya chuo simwachi mtu atoe sentensi mbili bila kumdai ushahidi, sikudai kitu. Alikuwa Bibi yangu.

Tulipanda meli Jumapili mchana, pale pale Bremerhaven. Bibi aliniambia nizime simu kabla ya kupanda, kwa sababu mtandao wa melini ni wa kukamua watu. Nikazima. Na roshani, sitasema uongo, ilikuwa tamu. Unasukuma mlango wa kioo, upepo wa mto Weser unakupokea usoni, na chini yako gati zima limekuwa dogo kama sahani. Bibi alivua viatu, akacheka kama msichana. Kisha akafungua sanduku na, kabla ya kutoa hata mswaki, akatandika mataulo. La bluu kushoto. La njano kulia.

Nikaenda kukaa kulia.

“Si chako hicho!”

Alinishtua. Akajishtua mwenyewe. Akapangusa midomo. “Kaa tu, kaa. Mikono ina mazoea yake.”

Nikakaa.

Kwetu meli ikiondoka, watu hupanda juu ya tuta la kuzuia bahari na thermosi zao na darubini, wakaiage hata kama hawamjui mtu ndani yake. Bibi alisimama ukingoni akipunga mikono yote miwili. “Waone wanavyotuonea kijicho!” alisema. “Waone, waone!” Mara mikono ikabaki juu. Hakuipunga wala hakuishusha. Akasema baridi imemwingia mifupani, akaingia ndani, akavuta pazia. Mimi, bado nimekaa kwenye kiti cha kulia, niliendelea kupunga. Kila mtu juu ya tuta alinipungia, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekaa kwenye benchi. Yeye alikuwa na darubini, na darubini ilinitazama mimi.

Jumatatu nilicheka kuhusu vikombe vitatu. Bibi hakucheka. Mchana nilipotoka roshani nilikuta taulo la njano limelowa chapachapa. Mvua haikunyesha. La bluu, hatua moja kutoka hapo, lilikuwa kavu na lina joto la jua.

“Bibi, umemwaga maji hapa?”

“Acha kuchunguzachunguza. Tuko likizo.”

Jumanne tulitia nanga Bergen, bandari ya Norwe. Nikawasha simu gatini, nipige picha nimtumie mama yangu. Zikaingia jumbe mbili pamoja.

Ya kwanza ilitoka kwa mama. Rosemarie amefariki Jumapili jioni. Wamemkuta kwenye benchi juu ya tuta, sanduku lake la safari likiwa kando yake. Usimwambie Bibi kwa ghafla.

Ya pili ilitoka kwa Rosemarie mwenyewe. Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, meli ikiwa inapita mbele ya tuta.

*Wiebke, ni wewe huyo kwenye kiti changu?*

Nilirudi melini mbio. Bibi alikuwa kitandani anapaka rangi kucha. Nikampa simu. Akasoma zote mbili, taratibu, akairudisha kwa ncha za vidole, rangi isije ikaharibika.

“Daktari alimruhusu kusafiri,” nikasema. “Ndiyo au siyo?”

“Wewe, hapa si mahakamani.”

“Ndiyo au siyo, Bibi?”

“Alimruhusu.” Akapuliza kucha. “Ungekuwa wewe ungefanyaje? Vidonge kumi na moja kwa siku! Umshike akienda chooni, usikilize anavyokohoa. Miaka arobaini nimewahi asubuhi kwa ajili yake. Nilitaka roshani, sikutaka wodi.”

“Yeye ulimwambiaje?”

“Kwamba safari imesogezwa mpaka Septemba.”

“Na mimi ukaniambia kanipa baraka zake.”

“Ulifurahi au hukufurahi?”

Nyuma yake, nje ya kioo, kiti cha kulia kilikuwa kimegeuzwa. Hakikuitazama bahari tena. Kiliangalia ndani.

Jumatano tuliingia Geiranger. Ni mahali ambapo bahari imejipenyeza kati ya milima hadi ukadhani meli itakwaruza miamba, na maporomoko ya maji yanashuka karibu kiasi cha kukurushia matone kwenye kikombe. Abiria wote walikuwa kwenye roshani zao, wameinama ukingoni, wanaitana kwa furaha ghorofa hadi ghorofa. Jirani yetu mzee Detlef, mchinjaji mstaafu kutoka Kassel, alichungulia juu ya ukuta mwembamba unaotutenganisha.

“We binti! Mwambie bibi yako na mwenzake wapunguze kunong’ona. Mimi nimekimbia mke anayeongea, sasa nimepata wawili!”

“Mwenzake yupi?”

“Huyo anayekohoa.”

Akacheka, akarudi kwa bia yake.

Nilikwenda kumtafutia Bibi keki, kisingizio tu, nipate kupumua. Niliporudi chumba kilikuwa kimya. Pazia limevutwa nusu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mlima wote unang’aa. Bibi alikuwa roshani, mgongo wake kwangu, kahawa mkononi. Mlango wa kioo ulikuwa na upenyo wa kidole kimoja.

Alikuwa ananong’ona.

“Si mimi, Rosi. Nakuapia.”

Maporomoko tu.

“Ni Wiebke. Ni yeye aliyeililia nafasi yako. Kanisumbua mwezi mzima. Mtoto wa siku hizi, ukimkatalia anakununia. Mimi ningefanya nini?”

Nilitaka kupiga kelele. Ndipo nikaona kiti.

Kitambaa cha kiti cha kulia kilikuwa kimebonyea. Kimebonyea hasa, kama mtu mzito amekaa. Taulo la njano lilikuwa limekunjana kwenye umbo la mapaja. Maji yalidondoka chini ya kiti. Tone. Tone. Hakukuwa na mtu.

Kikohozi. Kifupi, cha kifuani.

Kisha kitambaa kikapanda juu, polepole, kikanyooka. Nyayo za maji zikajitokeza kwenye mbao. Moja. Ya pili. Ya tatu. Zinakuja upande wangu. Zikasimama kioo kikiwa katikati yetu. Na kwenye kioo, usawa wa uso wangu, upande wa nje, ukungu wa pumzi ukajichora. Ukafifia. Ukajichora tena.

“Uongo,” nikanong’ona. “Anadanganya. Sikujua.”

Ukungu haukusogea.

Bibi hakugeuka. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Alijua niko pale, kwa sababu aliinua mabega kidogo, kama mtu anayesikia baridi. Halafu akanywa kahawa yake. Halafu akaweka miguu juu ya ukingo.

Alhamisi niliamshwa na baridi. Taulo la njano lilikuwa kitandani kwangu. Limetandikwa juu ya miguu yangu, bichi, zito, pembe zote nne zimebanwa vizuri chini ya godoro, kama mtu anavyotandika anapotaka wote wajue kwamba hapa pana mwenyewe. Usiku mlango wa roshani niliufunga mwenyewe kwa ndani. Bibi alikuwa tayari nje, amejinyoosha kwenye kiti cha kushoto, anaimba. Siku tatu zilizobaki alizifaidi kwelikweli. Alikula mayai yake nje, alichomwa na jua puani, alisinzia mbele ya milima mdomo wazi. Kiti cha kulia kilikuwa kikavu kabisa.

Tulirudi Jumapili, Rosemarie akazikwa Jumanne. Baada ya makaburini tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa kwa kahawa na keki ya siagi, kama ilivyo desturi. Niliingia na hoja zangu nimezipanga: simu ya Mei, daktari, Septemba. Nikamfuata Heike, mpwa wa Rosemarie. Kabla sijafungua kinywa akakisogeza kikombe chake mbali nami.

“Wewe ndiye.”

“Mimi ndiye nini?”

“Bibi yako katueleza. Kwamba ulilia mpaka akashindwa. Shangazi kaona gazetini kwamba meli inaondoka, kaburuta sanduku mpaka tutani, kakaa kwenye benchi anakutazama wewe umejinyoosha kwenye kiti chake, unampungia!”

Nikamgeukia Bibi, aliyekuwa amekaa kati ya wanawake wawili wanaompapasa mgongo.

“Bibi, sema ukweli.”

“Wiebke, usinitie aibu mbele za watu. Mimi ni mzee.”

“Sema ni nani aliyemdanganya.”

Akatoa leso. Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo ubaya wake. Mama yangu akanishika mkono, akanitoa nje kama mlevi. “Mjukuu wa pekee,” nilisikia mtu anasema, “na moyo wa jiwe.”

Kwenye gari Bibi alikaa nyuma pamoja nami. Mama alikuwa bado anaagana na watu. Bibi akanishika goti, akalibana kwa upendo, akaninong’oneza sikioni.

“Wewe bado kijana. Utaweza kuishi naye. Mimi nisingeweza.”

Mwaka ujao anasafiri tena. Amekwishachagua chumba, chenye roshani kubwa zaidi, upande wa jua. Mama amemnunulia kofia.

Mimi niko Göttingen, chumba cha ghorofa ya tatu, hakuna roshani wala bahari karibu. Nina kiti kimoja cha mbao kando ya kitanda. Kila asubuhi kimegeuzwa kunitazama, na kimelowa mahali pa kukalia, umbo la mtu mzima. Mwenye nyumba alikagua dari na mabomba. Pakavu. Akanishauri nisiwe nakaa na nguo mbichi. Nilichovya kidole nikaonja. Chumvi.

Nimemweleza Rosemarie kila kitu, usiku na mchana, kwa sauti na kwa barua niliyoichoma juu ya kaburi lake. Haniamini. Na kwa nini aniamini? Alishamsikiliza rafiki yake wa miaka arobaini.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyesoma mpaka hapa, ambaye hufaidiki na lolote kwa kunitetea: ukipita Bremerhaven, nenda makaburini, muulizie Rosemarie Kröger, safu ya karibu na tuta. Simama hapo, umwambie kwa sauti kwamba si mimi niliyeomba nafasi yake.