Uzito wa Tela Tupu

Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye uwanja wa magari ya mitumba, Msusi na mumewe, tela lao likivutwa na pikapu ya kaka yake iliyokuwa ikifoka mvuke kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kaka mtu alilifungua tela pale getini, akasema, "Tafuteni gari lenu," akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemlaumu. Hilo lilikuwa gari la pili kushindwa. La kwanza, gari dogo la jirani, lilibonyea nyuma hadi taa zake za mbele zikamulika vilele vya miti.

Na tela lenyewe ni dogo. Magurudumu mawili, kitanda nyuma, benchi mbele chini ya dirisha, jiko la gesi, mlango mmoja ubavuni. Mumewe, ambaye watu walimwita Mpishi kwa sababu ndiyo kazi yake, alikuwa amepata kibarua kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Barabara ikisogea, kambi inahama, na mpishi anahama nayo. Nyumba hapewi, ajitegemee. Kesho asubuhi ama wawe na gari la kuvuta tela, ama sufuria za kambi zikorogwe na mtu mwingine. Mkewe alikuwa msusi, na vichwa vya kusuka havikosekani popote. Alikuwa ameshajiona huko: hewa mpya, majirani wapya, watu wasiojua chochote.

Majirani wa zamani walijua nini? Tuseme ukweli, maana marehemu hana wa kumsemea.

Ndani ya tela hilo, nyuma ya nyumba, alikaa mama mkwe hadi mauti yake. Bibi wa watu alikuwa amekula chumvi nyingi, miguu imekataa, akili inakwenda na kurudi, na Msusi akasema hawezi kusuka wateja sebuleni huku kikongwe anaitaita. Akahamishiwa kwenye tela. Mlango ukawekewa komeo la nje, eti asije akapotea, mtu ambaye hata kusimama hawezi. Mpishi alikubali. Huyo alikuwa bwana wa kukubali; mwanamke aliyesema mwisho ndiye aliyeshinda. Kila jioni akirudi kazini aliuliza, "Mama kala?" na kila jioni alijibiwa, "Kala." Siku moja ya joto kali wateja walijaa, kelele za bibi zikawa zinakera, Msusi akaenda akafunga dirisha la tela. Akasahau kulifungua. Ndivyo alivyosema msibani, kwamba alisahau.

Mwenye uwanja walimwita Mama Gia. Mwanamke mpana, kandambili miguuni, tochi mkononi, kicheko chake kinaanza kabla ya mzaha. Alilizunguka tela mara moja. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Mmebeba nini humu?"

"Hamna kitu," Msusi akajibu. "Tupu. Hata godoro tumelitupa."

"Mh."

Mpishi alikuwa ameshaanza kulipapasa gari moja jekundu lililong'arishwa mpaka unajiona usoni.

"Shemeji, toa mkono hapo," Mama Gia akasema. "Nyie wanaume mnachagua gari kama mnavyochagua wake, mnaangalia rangi. Kuvuta hata punda anavuta. Kazi ni kusimama mlimani huku mzigo unakusukuma mgongoni. Na kabla hujajua gari, ujue kwanza shingo ya tela, hiki chuma cha mbele cha kufungia, inalalia gari kwa uzito gani. Ngojeni."

Akaingia kibandani, akatoka na mizani ya bafuni, ile ya watu wanaojipima unene. Akaiweka juu ya tofali, akaishusha shingo ya tela ikaikalia, akachuchumaa na tochi yake. Wote watatu wakainama kutazama mshale.

Haukutulia.

Ulipanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda tena, polepole... ukashuka.

Kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mizani yako mbovu," Msusi akasema.

Mshale ukaanguka ghafla karibu na sifuri. Huko nyuma ya tela, upande wa kitanda, mbao zikalia. Mama Gia hakumtazama Msusi. Alimtazama mumewe.

"Shemeji, hebu sema na wewe kitu."

"Niseme nini?"

Mshale ukaruka. Ndani ya tela kitu kilianza kuja mbele, kikijiburuta juu ya sakafu... srrr... srrr... kikasimama nyuma ya ukuta mwembamba wa bati, sawasawa na uso wa Mpishi. Harufu ikawafikia. Dawa ya kuchua, mkojo, na fukuto la chumba kilichofungwa siku nyingi. Mpishi alifumba macho.

Mama Gia akazima tochi.

"Anayempenda nimemjua," akasema taratibu. "Na anayemkimbia nimemjua."

Msusi aliogopa, lakini chuki ndiyo iliyotangulia. Alimchukia yule bibi kuliko alivyomchukia akiwa hai. Hata kufa hajui kufa, aliwaza, mpaka aniharibie na safari.

"Una gari au huna?" akauliza.

Gari alikuwa nalo. Lilikaa peke yake kwenye kona ya uwanja, refu, la dizeli, rangi imepauka, matairi mapana, ndoano ya nyuma imelika kwa kutumika. Mama Gia alilipiga boneti kofi la mapenzi. Lina uzito mara mbili ya tela, akasema, mkia wa tela hauwezi kulichezea, na breki zake hazina utani. Wengi walikuwa wamelichukua wakalirudisha.

"Kwa nini?" Mpishi akauliza kwa kunong'ona.

"Si kwa ubovu. Gari hili linavuta kila kilichomo. Wengine hawapendi."

Wakalifunga tela nyuma yake, wakatoka kulijaribu. Mpaka kituo cha mafuta na kurudi, Mama Gia alisema. Mpishi kwenye usukani, mkewe pembeni yake. Gari lilivuta bila kulalamika, Msusi akaanza kupumua. Kisha akafungua kinywa kumwambia mumewe apunguze mwendo, na huko nyuma kukapigwa kishindo, kitu kimekimbilia kitandani. Mkia wa tela ukaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi, mpaka gurudumu moja likagusa ukingo wa mtaro. Mpishi alisimamisha gari, jasho likimtiririka.

Waliporudi, Mama Gia alikuwa amesimama getini akiwangoja.

"Mzigo ukikaa nyuma, mkia unacheza," akasema. "Huyo hasogei mbele mkeo akiwa karibu nawe. Sasa mwekeeni uzito kwenye benchi la mbele, tela litulie."

"Uzito wa kiasi gani?"

"Kama wa mtu."

Mpishi akamgeukia mkewe.

"Mpaka kituo cha mafuta tu," akasema. "Tukijua linafaa, kesho tunaweka gunia la mchele mahali pako."

"Mimi niingie humo?"

"Si umesema ni tupu?"

Hapo alinaswa, na aliyemnasa ni ulimi wake mwenyewe. Akikataa amekiri. Angekiri nini? Kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo ana sababu. Alitazama barabara, akaiona kambi, akawaona majirani wasiojua chochote. Akainua pindo la gauni lake la njano, akapanda.

"Sheria haitaki mtu akae ndani ya tela linalovutwa," Mama Gia akasema. "Nawaambia ili msije mkasema sikusema." Akacheka. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Leo upime wako."

Komeo likalia kwa nje.

"Usifunge!"

"Mlango ukifunguka njiani utaanguka," sauti ya mumewe ikajibu.

Gari likaondoka, na safari hii tela lilitulia kama maji mtungini. Msusi alikaa kwenye benchi, mgongo kwenye dirisha, macho kwenye kitanda. Mwanga wa mwisho wa jioni ulikuwa bado unaingia. Kitanda kilikuwa kitupu. Ubao mtupu, hakuna kitu. Alianza kujicheka.

Ubao ukabonyea katikati.

Kisha ukanyooka.

Srrr...

"Bibi," akanong'ona. Tangu aolewe hakuwahi kumwita mama. "Mama. Nisamehe. Nilisahau tu, Mama..."

Srrr... srrr...

Benchi likalia pembeni yake. Joto likamkalia ubavuni. Mkono mkavu, mwepesi, ukatua juu ya goti lake, na sikioni mwake pakasemwa neno moja.

"Maji."

Shingo ya tela ikainama. Gari likapunguza mwendo, likasimama pembeni mwa barabara. Msusi alisikia mlango wa mumewe, hatua zake kwenye kokoto, kisha sauti yake nje ya dirisha akiongea kwenye simu. Alikuwa ameweka spika, kila kitu kilisikika.

"Sasa mbele ndiko kumelemewa, Mama Gia."

"Wamekaa pamoja. Mteremshe mmoja."

"Yupi?"

Kicheko kirefu.

"Shemeji, hilo si swali la gari."

Msusi alitaka kusimama akapige mlango. Miguu haikuitika. Akaitazama, na katika kiza kilichokwisha kuingia aliona mapaja membamba, ngozi imelegea, magoti yamevimba. Si magoti yake. Aliyajua magoti hayo, alikuwa ameyaosha siku ile moja tu, siku ya kuosha maiti.

Pembeni yake mwanamke alisimama. Gauni lile la njano, alilolishona Msusi mwenyewe. Nywele zilizosukwa, alizozisuka mwenyewe. Mwanamke yule akajinyoosha gauni kiunoni, na mlango ukafunguka.

"Umekawia," yule akasema, kwa sauti ya Msusi.

Mpishi alikuwa amewasha tochi ya simu. Alimmulika yule wa gauni la njano, muda mrefu. Kisha mwanga ukahama, ukaja kwenye benchi, ukatulia usoni pa aliyebaki.

Ni mimi, Msusi akasema. Ni mimi, mume wangu. Alisema kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kinywani ni, "Maji."

Alijua. Au alijua nini? Huenda alidhani aliyebaki ni mama yake, akamfungia kwa mara ya pili. Huenda alijua kabisa ni mkewe. Mimi nimelifikiri sana jambo hili na sijui lipi ni baya zaidi. Alichofanya ni kurudisha mlango taratibu, na kukaza komeo.

Gari likanguruma. Tela sasa lilikuwa na uzito wake sawasawa, halikuyumba hata kidogo. Wakakipita kituo cha mafuta, hawakukata kona kurudi. Wakashika barabara ya kambini. Msusi alijivuta kwa viganja mpaka akafikisha uso dirishani. Mbele, nyuma ya vioo vya gari, aliona kichwa chenye nywele zake kikiegemea bega la mumewe, jambo ambalo yeye hakuwa amelifanya kwa miaka. Mumewe alikuwa anaongea. Alikuwa anacheka.

Msusi akagonga kioo.

Mpishi aliinua macho kwenye kioo cha ndani ya gari, wakatazamana. Macho yake hayakuwa na hasira. Kisha akanyoosha mkono, akakigeuza kioo kile kidogo, mpaka kikawa kinamwonyesha mkewe, huyu aliyekaa pembeni yake.