Sanamu Iliyopewa Shikamoo

Sikukuu ile, makumbusho ya Tanga yalifurika watu mpaka picha za ukutani zikatamani kutoka nje zikapunge upepo wa bahari. Fausta, fundi cherehani mzaliwa wa Tumati kule Mbulu, alisukumwa na umati chumba hadi chumba ndani ya gauni lake la njano alilojishonea. Ndipo akamwona kijana mrefu, mrefu wa kupishwa na feni, amevua kofia mbele ya sanamu ya mwanamke iliyovalishwa sketi ya ngozi yenye shanga.

"Shikamoo mama," kijana aliiambia sanamu.

"Kaka, huyo ni wa plasta," Fausta akamchokoza. "Ukisubiri marahaba utafungiwa humu."

"Naiamkia sketi. Kwetu Getanuwas inaheshimiwa. Na wewe, lafudhi hiyo ni ya majirani zetu wa Mbulu kabisa."

Aliitwa Gidabuday, dereva wa lori la ng'ombe. Tangu hapo kila alipoleta mzigo walikutana pale pale, mbele ya sanamu. Akiwa safarini, simu ziliwaka moto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda. Tafuta makande."

Siku moja Fausta akataka kumfurahisha. Makumbusho yalikuwa na sketi kama ile ya kuazima kwa picha. Akaivaa, mwongoza wageni akasimama kando yake na mkuki, picha ikatumwa kwa Gidabuday.

Gidabuday hakupokea simu tena. Lori lilifika mjini likaondoka bila kupiga hata honi. Fausta alichanganyikiwa hadi akashona mkono wa shati kwenye suruali ya diwani. Mwishowe aliazima simu ya Benedikta, fundi mwenzake.

"Gida, nimekukosea nini?"

"Hongera." Sauti ilikuwa baridi kama asubuhi ya Tumati. "Mumeo ana mkuki mzuri."

"Mume gani?"

"Wa kwenye picha. Sketi ile haivai msichana, anavaa aliyeolewa. Na mimi sisumbui mke wa mtu."

Fausta akakaa chini, juu ya pini zake mwenyewe, wala hakuzisikia.

"Gida, yule ni mwongoza wageni. Sketi niliazimwa. Mkuki wenyewe wa mbao, hautoboi hata andazi."

Ng'ombe walisikika wakilia upande wa pili. Kisha kicheko.

"Kwa nini hukunieleza maana yake?" Fausta akauliza.

"Nilidhani mnajua. Si tumepakana?"

"Tunawajua ng'ombe wenu wakiingia kwenye mahindi yetu. Sketi zenu tutazijulia wapi?"

Juma lililofuata Gidabuday alisimama tena mbele ya sanamu, shati limepigwa pasi, mkononi ana furushi linalonukia siagi. Ndani mlikuwa na ngozi laini ya sketi, haijashonwa.

"Mama ameilainisha mwenyewe. Anasema shanga achague fundi. Kama fundi atakubali. Wazee wangu wako tayari kupanda Tumati na asali ya posa."

Fausta aliigeukia sanamu, akapiga goti na gauni lake la njano.

"Shikamoo mama. Asante. Bila wewe huyu angenipita kama lori lake."

Kisha akainuka, akaipokea ngozi kwa mikono miwili.

"Shanga za njano," alisema. "Na baba anapenda asali nyeusi."

Mlinzi wa mlangoni anaapa hadi leo kwamba alisikia sanamu ikiitikia marahaba.