Mkanda Wenye Joto

Mkanda ulikuwa na joto. Juni ile Sumbawanga upepo ulikata masikio, na nguo zilikakamaa kwenye kamba kama mbao. Lakini mkanda ule wa mgongo, Evodia aliuchomoa kwenye rundo la mitumba ukiwa na joto la mtu aliyeuvua sasa hivi. Ulinukia waridi. Akaununua hivyohivyo.

Sababu ni wivu. Sipendi kuzunguka.

Mumewe Alfonsi, tangu biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, alikuwa akiendesha lori lake la mpunga kutoka Mtowisa. Siku moja akaanguka kutoka juu ya magunia, akapasuliwa uti wa mgongo. Kidonda kilipona, ila mguu wa kushoto ukabaki umelegea, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Bila klachi, lori ni banda la kuku. Daktari alisema misuli itarudi kwa mazoezi. Basi kila alasiri muuguzi wa kliniki, sista Klementina, alikuja, akapiga magoti, akakinga wayo wa Alfonsi kwa viganja.

"Kanyaga klachi, kaka! Mlima huo, tutarudi kinyumenyume!"

Alfonsi anacheka. Akiwa na mkewe, hakuwa amecheka tangu apasuliwe.

"Kesho usije," Evodia alimwambia sista mlangoni. "Nimempatia mkanda."

"Mama Beda, mkanda bila mazoezi unailaza misuli."

"Nimesema usije! Mume wangu si kliniki."

Mwanzoni Alfonsi alisema mkanda unamkumbatia vizuri. Halafu mguu ukazidi kulegea. Evodia akijaribu kuufungua, vifungo vya chuma vinamng'ata vidole. Na jioni moja, akimpelekea uji wa ulezi, alisikia sauti ya mwanamke ikinong'ona chumbani, taratibu, kama anayebembeleza, akajua Klementina ameingilia dirishani, akausukuma mlango kwa hasira, na alichokuta ni Alfonsi peke yake, amefumba macho, na mkanda ukitanuka na kubana, ukitanuka na kubana, ilhali kifua chake kimetulia tuli, kama kwamba anayepumua pale si yeye.

Alimfuata Bibi Cornelia, mganga wa Mpui. Bibi alifika, akanusa, akasimama kizingitini.

"Jini jike. Hataki mwanamke mwingine aguse."

"Mtoe, bibi."

"Huyu hula wivu, mwanangu, na wa kwako umemnenepesha. Mwite uliyemfukuza, afungue yeye. Nawe ukae kimya, moyo utulie, jini akose chakula. Ukilipuka, atahamia kwako."

Klementina alikuja bila kinyongo. Bibi akafukiza majani. Kifungo cha kwanza kikaachia; Evodia akauma pindo la kitenge. Cha pili. Cha tatu kilipoachia, mkanda ulianguka sakafuni, baridi, kitambaa tu. Klementina akakinga wayo.

"Kanyaga, kaka!"

Mguu ukasukuma kwa nguvu mpaka sista akaanguka chali. Wakacheka wote wawili.

"Mikono hii, sista!" Alfonsi alisema, machozi yakimtoka. "Mikono hii ndiyo dawa."

"Na mimi niliyekuogesha je?" Evodia akafoka. "Mimi nani humu ndani? Mwachie mume wangu!"

Bibi Cornelia alikitua chetezo chini. Akachukua fimbo yake, akaondoka.

Mkanda waliuchoma. Alfonsi alifanya mazoezi mpaka siku alipopanda lori mwenyewe, akatia gia, akapiga honi kumuaga mkewe. Evodia, jikoni, alitaka kutoka ampungie. Mguu wa kushoto haukunyanyuka. Akapitisha mkono chini ya kitenge, kiunoni, asikute kitu ila ngozi yake, ina joto, na alama za vifungo vitatu zimebonyea. Moshi wa mkaa ulinukia waridi. Lori likapiga honi mara ya pili, na sauti ikamnong'oneza kutoka ndani ya tumbo lake mwenyewe:

"Anakwenda Mtowisa na nani?"