Tumbo la Donatille kwenye Kompyuta

“Maharagi yako itaniua, Cansilde! Kifua inawaka moto!”

“Maharagi yangu? Mutaa muzima wamekula, ni we peke yako unalia!”

Majirani walitoka nje, hakuna aliyetaka kupitwa. Cansilde alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Yeye anauza chakula karibu na mpaka wa Goma. Maneno hayo yakifika mpakani kesho, nani atakula kwake? Tena yanatoka kwa Donatille, jirani wa kuombana chumvi!

Mpangaji wa Cansilde, Iribagiza, akatoka na kompyuta. Alilelewa Tanzania, sasa anafundisha uhandisi.

“Mama Donatille, leo ulikula vipi?”

“Nimesimama. Maharagi na viazi inne, haraka haraka. Kabichi yangu ilikuwa inangojea kuvuka mpaka.”

“Ulitafuna?”

“Kutafuna ni ya wenye wakati!”

Watu wakacheka. Iribagiza akaweka kompyuta juu ya kiti. Kwenye kioo chake, mfuko uliopinda ulikuwa ukijibana na kujiachia.

“Huu ni mfano wa tumbo. Mimi na wenzangu tuliipa kompyuta vipimo vya tumbo na nguvu ya misuli yake. Inapiga hesabu, inatuonyesha yanayotokea ndani bila kumpasua mtu. Tazameni. Tumbo halina meno. Linabana mara tatu hivi kwa dakika. Huku mwisho kuna mlango mwembamba. Vipande vikubwa vinarudishwa, visagwe tena.”

“Ni kama ku mpaka!” akasema Cansilde. “Muzigo mukubwa, rudi nyuma!”

“Sasa tubane mfuko kwa nje.” Akabonyeza. Chakula na maji makali ya tumbo vikapanda juu, kuelekea kifuani. “Mama, kitenge chako umekifunga wapi?”

Macho yote yakamgeukia Donatille. Alikuwa amekaza kitenge katikati ya tumbo, kama kawaida yake akibeba mzigo.

“Mama wee! Kumbe najibana mwenyewe?”

“Kaa chini, tafuna, legeza kitenge. Lakini kompyuta hii si daktari. Maumivu yakiendelea, nenda kituo cha afya.”

Wiki nzima Donatille alikula ameketi, akatafuna polepole, akafunga kitenge kiunoni bila kukikaza. Moto ukazimika. Jumamosi akasimama katikati ya njia, na kabichi zake kichwani.

“Mutaa, musikie! Maharagi ya Cansilde haina kosa! Kosa ilikuwa kitenge yangu!”

Cansilde alikuwa amepanga kununa mpaka Jumapili. Kicheko kikamshinda.

“Tua hiyo muzigo, we mwanamuke wa makelele. Sahani yako iko ku meza. Ingia tule!”