Sifa Zilizomchosha Muthoki

Muthoki, mama yake Nzomo, alikuwa na kiti chake katika duka la mumewe, pale Mwingi mjini, kando ya barabara ya kwenda Garissa. Kiti cha kwanza kilivunjika. Cha pili pia kilivunjika. Cha tatu fundi alikitengeneza kwa mbao nene, akakipigapiga kwa mkono, akasema, "Mama Nzomo, hiki kitabeba hata ng'ombe." Watu wote dukani walicheka. Muthoki hakucheka.

Hakuwa hivyo alipoolewa. Alikuja Mwingi akiwa msichana mwembamba kutoka Migwani. Kule kwao alilima, alichota maji mtoni, alitwanga mahindi. Mjini hakukuwa na kazi hizo. Maji yaliletwa mlangoni na punda. Mahindi yalisagwa kwa mashine. Makaa yalinunuliwa kwa gunia. Kwa hiyo Muthoki aliketi, akauza blanketi, leso na sufuria, na huku akila.

Asubuhi alikunywa chai yenye sukari nyingi, kwa mandazi. Jua likipanda, alikunywa soda. Mchana alikula chapati zinazong'aa mafuta na nyama ya kukaanga. Jioni ilikuwa chai tena, na mkate uliopakwa siagi. Usiku ilikuwa sahani kubwa ya ugali na nyama, kisha kulala. Na mboga? Kiilu, mumewe, alisema mboga ni chakula cha mtu aliyekosa chakula.

Wateja waliingia wakisema, "Mama Nzomo, umenawiri!" Wanawake wa kanisani walisema, "Mungu amekutendea." Lakini aliyezidi wote ni wifi yake Mbula, dada ya Kiilu. Kila alipofika alimshika Muthoki mkono wa juu, akaubinya kama mtu anayenunua mbuzi.

"Wifi, hii ni kazi ya kaka yangu! Huyo mwanamume anajua kulisha!"

Muthoki alitabasamu kwa meno tu. Ni nani kati yao aliyeamka na maumivu ya magoti? Ni nani aliyehema kama yeye kwa sababu ya kukunja blanketi moja? Kichwa kilimuuma karibu kila asubuhi. Akimwambia Kiilu, Kiilu alimletea vidonge, na soda ya kuvimezea.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa 1993, Muthoki alienda Migwani kumwona mama yake. Gari lilimwacha barabarani. Kutoka hapo kulikuwa na kilima cha kupanda. Alipokuwa msichana alikipanda na mtungi wa maji mgongoni, akizungumza njia nzima. Siku hiyo alipanda kidogo, akasimama. Akapanda tena, akasimama. Moyo uligonga hadi akausikia masikioni. Mwishowe akaketi juu ya jiwe, gauni lake la kanisani likiwa limeloa jasho.

Akasikia mtu akija nyuma yake. Alikuwa ni mama yake, mzee wa mvi, amebeba mtungi wa maji mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani.

"Ni wewe, Muthoki?"

"Ni mimi, mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mbona umeketi hapo? Umeumwa na nyoka?"

"Hapana, mwaitu. Nimechoka."

Mama alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Umechoka kwa kazi gani?" akauliza.

Mama hakutua mtungi. Alimnyooshea mwanawe mkono, wakapanda pamoja, mzee akimvuta kijana.

Aliporudi Mwingi alikuwa na hasira. Alijikasirikia yeye mwenyewe. Alimkasirikia Kiilu. Alimkasirikia hata punda wa maji. Na mtu mwenye hasira huamua haraka. Muthoki aliamua kutokula. Mwanamke mmoja kanisani alikuwa amemwambia, "Kunywa maji ya limau peke yake. Na kuna majani sokoni. Yanakausha mafuta yote mwilini." Muthoki akanunua majani hayo, akayachemsha, akanywa. Yalikuwa machungu kama nyongo. Tumbo likamwendesha mchana na usiku.

"Kula, mama," Kiilu alimsihi. "Unaniaibisha. Watu watasema sina chakula."

"Watu! Watu! Hao watu ndio wenye magoti yangu?"

Siku ya soko duka lilijaa. Mteja alitaka blanketi lililokuwa juu kabisa. Muthoki aliinuka, akanyoosha mkono. Rafu ikazunguka. Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, na Kiilu alikuwa akimpepea kwa kipande cha katoni, akiita jina lake.

Kiilu alimpeleka kliniki. Muuguzi wa pale aliitwa Wakiuru, lakini watu walimwita Sista. Kwao ni Murang'a, na alikuwa amekaa Mwingi hadi akazungumza Kikamba kama mwenyeji. Alikuwa na sauti kali na moyo mwema. Alimpa Muthoki maji yenye chumvi kidogo na sukari, kwa sababu kuharisha kulikuwa kumemaliza maji mwilini. Alipopata nafuu, Sista akamfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi. Akapima. Akamwacha apumzike, akapima tena. Akakunja uso.

"Presha iko juu. Hata baada ya kuharisha hivi, bado iko juu."

"Presha?" Kiilu alishangaa. "Sista, huyu ni mtu wa afya! Hebu mtazame!"

Sista Wakiuru alivua miwani yake. "Baba Nzomo, nimechoka na neno hilo. Nimechoka kabisa. Wanawake wa mji huu wanaletwa hapa mdomo umepinda, mkono hauinuki. Wengine wana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu hakiponi. Na kila mume anasimama hapo uliposimama, ananiambia, alikuwa mtu wa afya."

Kiilu alisogea kutoka pale aliposimama.

"Wewe unamjua punda wa maji," Sista aliendelea. "Ukimwongezea mzigo kila mwaka, na usimpunguzie hata siku moja, itakuwaje?"

"Ataanguka."

"Basi moyo wa mke wako ndiye huyo punda. Unasukuma damu katika mwili ambao umekuwa mzito sana. Magoti nayo yanabeba mzigo huo huo."

Muthoki aliinuka kitandani. "Lakini Sista, mama yangu anakula. Dada zangu kule nyumbani wanakula. Kwa nini mimi?"

"Wanakula nini? Na wakishakula wanafanya nini?"

Muthoki alifikiri. "Wanakula isyo. Wanakula kunde na ndengu. Kisha wanaenda shambani."

"Unaona? Isyo ni mahindi na maharagwe, hayana mafuta mengi. Kazi nayo inatumia kile walichokula. Wewe hapa mjini unakula mafuta na sukari, halafu unaketi. Mwili hautupi kitu. Usichotumia unakiweka, na unakiweka kama mafuta. Hujafanya dhambi, Mama Nzomo. Umehamia mjini, basi. Wengi wenu ni hivyo."

"Kwa hivyo niache kula?"

"Uliacha. Ukaishia wapi?"

"Sakafuni," Muthoki alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

"Usiache kula. Badilisha unachokula. Rudisha ndengu na kunde mezani. Mboga zijaze nusu ya sahani. Ugali uwe kidogo. Mafuta ya kupikia, weka kijiko tu. Chumvi punguza, kwa sababu inapandisha presha. Sukari kwenye chai punguza polepole, ulimi utazoea. Soda acha, kunywa maji. Mandazi na chapati ziwe za sikukuu. Na utembee kila siku, utembee kwa haraka kidogo hadi utoke jasho. Anza na umbali mfupi. Lakini kifua kikikuuma, simama, uje hapa mara moja."

"Na yale majani ya sokoni?"

"Tupa! Hakuna jani linalokausha mafuta. Linakausha mtu." Akampa dawa ya presha. "Hii meza kila siku. Usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Presha haina kelele. Inaweza kuwa juu na wewe huumwi popote."

Mambo ya kusema ni rahisi. Mambo ya kutenda yana miiba. Siku ya kwanza Muthoki alipopika kunde na ndengu, Kiilu aliitazama sahani kama mtu aliyepewa chakula cha mwingine.

"Nyama iko wapi?"

"Iko chini ya mboga. Tafuta."

Kiilu alitafuta, akapata vipande vichache, akanung'unika hadi mwisho. Lakini alimaliza sahani. Siku nyingine alinunua soda, akaiweka mbele ya mkewe kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaichukua akainywa mwenyewe kwa haya.

Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Muthoki alivaa raba, akatembea hadi upande wa soko la mifugo na kurudi. Mwanzoni alihema sana. Vijana wa malori walimpigia kelele, "Mama, unafukuzwa na nani?" Alitaka kuwarushia mawe. Aliendelea kutembea.

Miezi ikapita. Magauni yakaanza kulegea. Kichwa kikaacha kuuma. Muthoki alifurahi. Hakujua kwamba balaa lilikuwa njiani.

Miaka ile ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeingia katika miji ya barabarani, na watu walikuwa na hofu kubwa. Mtu akikonda, minong'ono ilianza. Wateja wakaanza kumtazama Muthoki kwa macho ya huruma. Kanisani mwanamke mmoja alimwombea bila kuombwa. Kisha Mbula akaja. Safari hii hakumbinya mkono. Aliketi mbali, karibu na mlango.

"Wifi," alisema kwa sauti ya matanga, "tuambie ukweli. Tujue la kufanya na watoto."

Muthoki alimgeukia. "Mbula! Nilipokuwa mnene, siwezi hata kufunga kiatu changu, ulinisifu. Sasa naweza kutembea, unanizika! Mnataka nini kwangu? Niambieni, nifanye!"

Mbula aliondoka bila kunywa chai. Muthoki aliagiza mandazi kutoka hotelini, akafunga mlango wa nyuma, akala moja baada ya jingine huku akilia. Afadhali kuwa mnene na kuachwa kwa amani, aliwaza. Alipomaliza, tumbo lilikuwa zito na hasira ilikuwa palepale.

Kesho yake alirudi kwa Sista Wakiuru. Kiilu alimfuata, kwa sababu minong'ono ilikuwa imemfikia yeye pia.

"Sista, nimeshindwa," Muthoki alisema. "Nimekula mandazi. Watu wanasema nina ukimwi."

"Mandazi ya siku moja hayajakushinda. Leo endelea pale ulipoachia," Sista alimjibu. "Na hao watu, waambie hivi. Ukimwi hauonekani kwa macho. Mtu mnene anaweza kuwa nao, na mwembamba asiwe nao. Unajulikana kwa kupimwa damu tu. Mtu akikonda bila kujua sababu, aje apimwe, kwa maana kuna magonjwa mengi. Lakini wewe sababu unaijua. Umebadilisha chakula, na unatembea kila asubuhi."

Akampima presha. Safari hii hakukunja uso. Alimwita Kiilu asogee, akamwonyesha mahali mshale wa kipimo uliposimama. "Imeshuka vizuri. Dawa inasaidia, na chakula, na miguu yake. Sasa wewe, Baba Nzomo, leta mkono."

"Mimi? Mimi siumwi."

"Sikuuliza."

Presha ya Kiilu ilikuwa imeanza kupanda. Jioni hiyo alijipakulia mboga mwenyewe.

Wiki kadhaa baadaye Mulei, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliingia dukani. Aliegemea meza, akapunguza sauti. "Kiilu rafiki yangu, tumemwona mama. Pole sana. Mnampeleka hospitali gani?"

Zamani Kiilu angeinamisha kichwa, akageuza maneno. Siku hiyo aliweka chini mkasi wa kukatia kitambaa. Alisema kwa sauti ambayo kila mteja aliisikia.

"Mulei, mke wangu haumwi. Aliumwa wakati ule mlipokuwa mkimsifu. Nami nilikuwa wa kwanza kumsifu."

Nyuma ya pazia Muthoki alikuwa akichagua ndengu. Mikono yake ilisimama. Kisha akaendelea kuchagua.