Muda Chukua Wewe, Mzee

Nilikuwa napeleka kiti. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani jioni ile.

Kazi yangu ni kushona viti: vya magari, vya saluni, vya ofisini. Lakini vya pikipiki kuukuu ndivyo nilivyovipenda zaidi, kwa sababu ya wenyewe. Walikuwa watatu, na kila mwisho wa juma walikutana bandani kwa fundi. Fundi mwenyewe, mtu wa mikono mikubwa na maneno mafupi. Sindano, nesi mstaafu, ambaye hata mitaani watoto walimkimbia kwa mazoea. Na mdogo wangu, kinyozi. Kila mmoja alikuwa na pikipiki iliyomzidi umri, na aliipangusa kwa kitambaa laini kuliko shati alilovaa. Wifi yangu alizoea kusema kwamba ana mke mwenza, tena wa chuma.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Niliwakuta katikati ya utani wao.

"Hiyo yako," Fundi alikuwa anamwambia Sindano, "juzi imepitwa na kobe. Tena kobe mwenyewe alikuwa amesimama."

"Polepole ndiyo dawa," Sindano alijibu. "Nimefanya kazi wodi ya mifupa mpaka nimezeeka. Sikuwahi kuletewa mtu aliyevunjika kwa kwenda polepole."

"Mzee, wewe ukienda sokoni, unarudi nyanya zimeshaoza," mdogo wangu akadakia. "Mimi mwenzio naokoa muda."

"Unauokoa, eh? Na ukishauokoa unauweka wapi? Kwenye kibubu?"

Tulicheka. Hata mimi, kiti nikiwa nimekikumbatia kifuani, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

"Kwangu."

Sauti ilitoka mlangoni.

Alikuwa mzee. Mzee hasa. Ngozi ya shingo imening'inia, mikono inatetemeka, macho yamezama ndani kama yamekimbia mwanga. Alishikilia usukani wa pikipiki nyeusi ya zamani, isiyo na jina lolote kwenye tangi. Hatukusikia injini. Hatukusikia tairi juu ya kokoto. Tulichopata kwanza ni harufu... ya nywele zinazoungua.

"Shikamoo, mzee," tulisema karibu kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Muda wanaouokoa watu wa mbio... huwa unawekwa kwangu."

Tukacheka tena. Tulidhani tumepata mtani mwenzetu. Fundi alimpindulia ndoo akae, kisha akainama kuitazama ile pikipiki, maana chuma kigeni humtoa mate. Aligusa ekzosi. Akaondoa mkono haraka.

"Baridi hii. Umeisukuma, mzee?"

"Imenileta."

Mgeni hakumtazama Fundi. Alikuwa anamtazama mdogo wangu.

"Kijana. Kati ya kasi na muda, ukiambiwa uchague kimoja?"

Mdogo wangu hakufikiri. Lini aliwahi kufikiri kabla ya kujibu mzaha?

"Kasi, mzee wangu! Muda chukua wewe, unauhitaji kuliko mimi."

Sindano alijipiga paja kwa kicheko. Fundi alikohoa. Mimi nilijifuta machozi. Mgeni peke yake hakucheka. Alitutazama usoni mmoja mmoja, taratibu, kama anayetukariri.

"Mmemsikia?" alinong'ona.

"Tumemsikia!" tukaitika kwa mzaha, kama watoto darasani.

"Basi aijaribu. Nenda mji wa pili, mwanangu. Niletee mkate."

Mji wa pili uko nyuma ya milima. Ukitoka asubuhi na pikipiki zile, kurudi ni alasiri, tena ukiwa na bahati na plagi. Mdogo wangu aliipanda ile nyeusi huku anacheka. Alipiga kiki mara moja. Injini haikunguruma. Ilipumua... kama mtu aliyelala chali.

Akaondoka. Vumbi likainuka.

Sindano alifungua kinywa aseme neno la kuchekesha. Kabla hajalitoa, vumbi likiwa bado halijatua, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Hakuna aliyecheka.

Alikuwa ameondoka na mashavu laini. Ni kinyozi, hujinyoa kila siku; ndilo tangazo lake la biashara. Sasa alikuwa na ndevu. Ndevu nyingi, zimekumbatia vumbi, zimefika kifuani. Midomo imepasuka. Kwapani amebana mkate.

Sindano aliuchukua. Ulikuwa mgumu kama tofali, umeota ukungu wa kijani.

"Huu umeununua lini?"

"Nilipofika," mdogo wangu alisema. Sauti ilikwaruza, kama haikutumika siku nyingi. Alinigeukia. Alinitazama kitambo kirefu, kama anayetafuta jina.

"Dada..." alinong'ona. "Bado mpo?"

Niligeuka nimuulize yule mzee. Ndoo ilikuwa tupu. Pikipiki nyeusi ilikuwa imebaki.

Usiku ule mdogo wangu hakulala. Alikaa chini sebuleni kwake, mgongo ukutani, mwanawe mdogo amelala mapajani, akawa anamgusa nywele tu. Kulipopambazuka ndipo alipotueleza, mimi na wifi.

Kwenda kulikuwa kufumba na kufumbua. Kurudi ndiko kulikokuwa na njia. Njia iliyonyooka, ya kijivu, isiyo na mti wala kona wala jua. Aliendesha. Akachoka, akalala juu ya tangi. Akaamka, bado pikipiki inakwenda. Hakusikia njaa, alisikia upweke tu. Alihesabu nyimbo zote alizozijua mpaka zikaisha, akaanza upya.

"Nyinyi mmeona vumbi," alisema. "Mimi nimekaa kule mpaka nikasahau sura ya mama."

"Hukukutana na mtu?" wifi aliuliza.

"Wapo. Nasikia injini zao... mbele, nyuma, pembeni. Hatuonani."

Wifi alimkamata mkono. "Basi hupandi tena. Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha.

Jioni iliyofuata nilikuwa saluni kwake. Alikuwa anamnyoa mteja, mashine inaunguruma mkononi. Nilisikia mashine ikianguka sakafuni. Nilipoinua macho, pale nyuma ya kiti palikuwa na hewa tu. Mteja alibaki anajitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa imenyolewa, mdomo wazi. Kisha mlango ukafunguka, akaingia mdogo wangu, vumbi mpaka kwenye kope. Mvi zimeanza masikioni. Meno mawili ya mbele hayapo.

"Mimi siipandi, dada," alisema, na akaanza kulia. "Yenyewe ndiyo inanipanda."

Tulifanya nini? Tulifanya kila kitu. Fundi aliifunga ile pikipiki kwa minyororo kwenye nguzo ya banda. Akang'oa plagi. Akang'oa tairi zote mbili akazificha nyumbani kwake. Jioni ilipofika, mdogo wangu alitoweka mezani akiwa na kijiko mdomoni. Alirudi mgongo umeanza kupinda. Bandani, minyororo ilikuwa imefungwa vilevile, kufuli vilevile, na chuma kile bila tairi kilikuwa kimejaa vumbi la kijivu.

Fundi akaamua kufungua injini. Mimi na Sindano tulimshikia taa. Boliti ya mwisho ilipotoka, ile harufu ikatupiga usoni, Sindano akarudi nyuma.

Hapakuwa na pistoni. Hapakuwa na tone la oili.

Ndani mlijaa nywele. Nyeusi, nyeupe, za kijivu, zimesokotwa na kushindiliwa mpaka zimekuwa kama kamba ya meli. Na katikati yake, kucha. Kucha za watu.

Fundi alikifunga kile chuma. Huyu ndiye mtu aliyeweza kufufua injini iliyolala shimoni. Alikaa chini akaficha uso kwa mikono yake mikubwa.

Tulikwenda kwa waombeaji. Tulikwenda kwa waganga. Wengi walipokea walichopokea na jioni ikafika vilevile. Mmoja tu, mganga wa kike mwenye kilinge kidogo nyuma ya ghala, alikataa hata kutukaribisha ndani. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama kizingitini.

"Kaibiwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kaibiwa maisha yake."

"Hapana. Kilichoibwa tungekidai. Huyu alitoa. Akatoa kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi." Alinitazama mimi, kisha Sindano. "Na mashahidi wakaitika."

Akafunga mlango.

Sindano alitembea njia nzima akirudia neno moja: utani. Ulikuwa utani. Ulikuwa utani tu.

Siku ya mwisho tuliamua kumshika. Basi, kama watu wasio na akili nyingine. Fundi alimkamata miguu, Sindano mkono mmoja, wifi mkono wa pili. Mimi nilikaa nyuma yake kitandani nikamzungushia mikono kifuani, kama nilivyokuwa nikimbeba alipokuwa mtoto na mama yuko kazini. Mifupa yake ilinichoma. Mdogo wangu, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, sasa alikuwa na umri wa baba yetu alipofariki.

Dirishani mwanga ukawa mwekundu. Ukawa wa kijivu.

"Msiniachie," alinong'ona.

"Hatukuachii."

Tukasikia pumzi. Ndefu. Chini kabisa ya sakafu.

Nikabana kwa nguvu zangu zote. Nikajikuta nimejikumbatia mwenyewe.

Wifi alipiga ukelele mmoja. Haukuwa umefika mwisho wake, mdogo wangu alikuwa amerudi, palepale mikononi mwangu, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Nywele hakuna. Macho yameingia ukungu. Mwanawe alikuja mbio kwa ule ukelele, akasimama mlangoni, akamtazama.

"Shangazi," aliniuliza, "huyu babu ni nani?"

Kesho yake asubuhi kijana alikuja bandani. Nilikuwapo, nimekuja kumwambia Fundi hali ya mgonjwa. Kijana mzuri, shingo imenyooka, mikono imetulia tuli. Alipita kati yetu akaenda moja kwa moja kwenye nguzo.

"Shikamoo, mama," aliniambia.

"Marahaba," nikajibu. Adabu ilitangulia akili. Kisha harufu ikanifikia.

Fundi alikuwa na spana mkononi. Nilimwona akijaribu kuinua mkono. Mshipa wa shingo ulimtoka, jasho likamtiririka, mkono haukupanda. Mimi nilitaka kupiga kelele, nikasikia ulimi umelala mdomoni kama si wangu. Kijana aligusa kufuli, likafunguka. Akakisukuma chuma chake kisicho na tairi, nacho kikaviringika kama chenye tairi, akatoka nacho juani. Hakuwa na haraka.

Tangu hapo mdogo wangu hajatoweka tena. Watu wanasema tushukuru. Wifi anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko, na wakipita wageni wasiojua humwambia anafanya vema kumtunza babu yake. Hawasahihishi. Sindano aliuza pikipiki yake kama chuma chakavu. Siku hizi anakwenda kwa miguu na hataniani na mtu.

Mimi hukaa na mdogo wangu jioni ili wifi apumzike. Kwa kawaida hazungumzi. Lakini juzi alinishika kiganja, akanisogeza karibu na mdomo wake usio na meno.

"Dada, mbona ulinichokoza vile kule njiani?"

"Kukuchokoza vipi, mdogo wangu?"

"Ile safari ya mwisho. Ulikuwa nyuma yangu. Nilisikia injini yako, nikasikia na sauti yako, unalia, unaniita nikusubiri." Alikohoa kidogo. "Ningesimama, dada. Kile kitu hakina breki."

Nilimwambia anaota. Mimi sijawahi kuendesha pikipiki. Sijawahi hata kuikalia ile nyeusi.

Alinitazama kwa macho yake ya ukungu, akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Bado," alisema.