Ndugu wa Damu Aliniomba Gurudumu la Mbele

Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushee, mkazi wa huku Mhunze. Shule niliiona mlangoni tu. Herufi hizi nilifundishwa na katekista, huku nikimpalilia pamba yake. Mtanisamehe mwandiko, lakini uongo sitawaandikia. Nyumba yangu ya bati na ng'ombe wangu nimevitafuta kwa mikono hii. Hakuna aliyenirithisha hata jembe!

Lakini moyo wangu una kovu... nisikilizeni, wasomaji wenzangu.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, dhahabu ya Geita ilipoanza kuwavuta vijana. Nilikuwa yatima, mwenye baiskeli niliyoinunua kwa pamba yangu, na nilimchumbia binti aitwaye Kabula. Baba yake hakunificha. Ng'ombe wangu hawatoshi, akasema, na wachumba wengine wanabisha hodi.

Ndipo mwenye duka la baiskeli mjini Shinyanga akatangaza mashindano. Tuondoke Shinyanga, tupite Kahama na Ushirombo, tumalizie Geita. Alitaka watu waone kwamba baiskeli zake haziogopi milima. Mshindi angepewa mitamba mitatu. Mitamba mitatu! Nikiipata hiyo, Kabula ni wangu.

Nilikwenda na Masanja. Huyu tulichanjana naye kifuani, kila mmoja akala kipande cha ini kilichopakwa damu ya mwenzake. Kwetu ndugu wa damu akiomba kitu hanyimwi. Ukimnyima, damu inakugeuka. Tulipatana kwamba yeyote kati yetu atakayeshinda, mitamba iende kwa baba yake Kabula kwa ajili yangu. Pamba yangu ya mwaka utakaofuata ingekuwa mahari ya Masanja.

Tulikuwa wawili tu tuliosikia mapatano hayo. Niite shahidi wa nini? Si tulikuwa damu moja?

Hadi Ushirombo njia ilikuwa ya kuvumilika. Baada ya hapo... milima! Kupanda tulisukuma baiskeli mabega yakiwaka. Kushuka, breki zilinuka moto. Mwenzetu mmoja alipoanguka na kuvunjika bega, mimi na Masanja tukafunga matawi nyuma ya baiskeli, yaburuzike yatupunguzie kasi. Siku ya mwisho tulikuwa mbele ya wote.

Kwenye kijiji kilicho chini ya mlima wa mwisho, Masanja aligonga jiwe. Ringi ya mbele ikapinda, mpira wa ndani ukachanika vibaya. Watu wakajaa kutazama. Nyuma tuliona vumbi la waliokuwa wanatufukuza.

Masanja akanishika mkono. "Ndugu yangu, damu inaomba gurudumu."

Ningefanyaje? Kwenye mlima alikuwa mwepesi kuliko mimi, na mitamba si ilikuwa yangu vilevile? Nililifungua gurudumu langu mbele ya kijiji kizima, kwa mikono yangu mwenyewe!

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Nenda taratibu. Mke umeshapata."

Nikabaki na gurudumu lake. Ringi niliinyoosha kwa jiwe, tairi nikalijaza nyasi kavu, nikapanda. Baiskeli ilichechemea kama punda mgonjwa. Nilipofika Geita wachimbaji walinicheka. Mmoja akaniuliza, "We Msukuma, ng'ombe wameshaondoka, hizo nyasi umemletea nani?"

Nikacheka nao. Maana niliambiwa Masanja ameshinda, na lori la mwenye duka limemrudisha Shinyanga akakabidhiwe mitamba. Moyo wangu ulicheza ngoma! Nikageuza baiskeli, nikairudia njia yote ile juu ya nyasi.

Nilipokaribia kwa kina Kabula nilisikia vigelegele. Nikajua ni vyangu. Nikanawa uso kisimani, nikavaa shati safi...

Wanawake waliponiona wakanyamaza. Masanja alikuwa ameketi kwenye kigoda cha bwana harusi.

Kabula alikuwa ameambiwa kwamba milima ilinishinda na nimebaki Geita kuchimba dhahabu. Nililia, nikasimulia mapatano yetu. Baba yake akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jambo moja.

"Mitamba ulimtuma nani ailete kwa jina lako? Mshenga wako yuko wapi?"

Sikuwa na mshenga. Sikuwa na shahidi. Kijiji kizima kiliniona nikitoa gurudumu, lakini nani aliyesikia mapatano?

Masanja akanikazia macho, bila aibu. "Ndugu wa damu hanyimwi. Niliomba gurudumu, ukanipa. Sasa naomba na huyu."

Kabula aliinamisha uso. Niliondoka nikikokota baiskeli, wasomaji, machozi yakinidondokea kwenye usukani... Je, kuna uchungu kuzidi huo?

Nililima. Nikaoa mwingine, Mungu akanipa watoto. Lile gurudumu la Masanja nililitundika darini.

Kisha, mvi zimeshatujaa sote, Masanja akaja kwangu. Mifugo yake iliteketea kwa ugonjwa. Mtoto wake wa mwisho aliyemzaa na Kabula alitaka kuoa, na umepungua mtamba mmoja tu. Akafungua shati, akanionyesha chale ya ujana wetu. "Ndugu wa damu hanyimwi," akasema.

Nikaingia ndani. Nikamtolea gurudumu lake, nyasi zile zile bado zimo ndani ya tairi.

"Hujanyimwa," nikamwambia. "Hili ndilo ulilonipa. Chukua."

Akalipokea kwa mikono miwili. Nilimtazama akilisukuma barabarani, likichechemea, hadi akapotea. Mtamba ulibaki zizini mwangu.

Wengine wananiita katili. Na waite! Lakini ninyi vijana mnaosoma haya, nawasihi... mapatano yenye ng'ombe na mke msiyafanye wawili tu, hata kama mmelishana maini. Tafuta mshenga. Ita majirani wasikie. Mimi niliiachia damu initolee ushahidi, na damu haina mdomo.